Nukta Nyekundu za Baba

Beirut, 14 Septemba 2018

Baba yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako wa kulia wenye wino, na wa kushoto pia usije ukaona wivu.

Barua yangu ya mwezi wa saba imerudi jana ndani ya bahasha yako, kama ada yetu tangu nilipokuwa msichana wa shule: mimi naandika, wewe unazipima herufi zangu kwa nukta zako nyekundu, hii ndefu mno, hii imeinama, hii tumbo limejaa, kisha unanirudishia nijifunze. Safari hii imerudi nyeupe. Nimeigeuza huku na huku, nimeishika kwenye taa, sioni nukta hata moja. Ama mkono wangu umetakata ghafla, jambo ambalo huwezi kulikubali hata ukitishiwa, ama umenichoka. Ni lipi?

Nina habari njema. Kampuni yetu ya vitabu imekubali kuchapisha hadithi za Mama, zile alizokuwa akitusimulia darini majira ya joto, nami nikazinakili baada ya msiba wake. Kitabu hakitakuwa cha karatasi. Kitasomwa kwenye simu na tableti, kuanzia Moroko mpaka Omani, popote mtu alipo. Nimepewa kazi ya kukisanifu mimi. Maneno ya ndani yatakuwa ya kawaida, yasomeke bila taabu, lakini kila sura nataka ifunguliwe na kichwa kilichoandikwa kwa mkono, herufi zenye maua na mikia, kama ulivyokuwa ukiandika kwenye kadi za arusi za mji mzima. Naomba vichwa hivyo uviandike wewe. Mama awe ndani, na mkono wako uwe mlangoni.

Bosi wangu, Ustadh Nadim, ananiuliza kwa nini sitii jina langu chini ya kazi zangu. Nikamwambia kwetu mwandishi wa khati hasaini mpaka mwalimu wake ampe ijaza, idhini ya kutia jina. Akasema, "Mwalimu wako yuko wapi tumpigie?" Nikamwambia yuko Kairouan, na kwa simu anatoa salamu za Ijumaa tu, mengine yote ni kwa barua. Amecheka mpaka akamwaga kahawa.

Baba, je, bado sijafika?

Binti yako,
Sihem


Kairouan, 6 Oktoba 2018

Mwanangu Sihem,

Alhamdulillahi, tuko wazima. Habari ya hadithi za mama yako imenifurahisha.

Vichwa vya sura sitaandika. Kitabu cha kioo si kazi yangu. Andika wewe.

Ijaza ina wakati wake.

Kula vizuri.

Baba yako,
Tayeb

Nyongeza: Mimi ni shangazi yako Mbarka, nimepora pembe hii ya karatasi. Huko Beirut wanakula nini? Nasikia pilipili yao haiwashi. Nitakutumia harisa yetu ya pilipili na makrudhi, vile vitamu vya tende, akipatikana msafiri.


Beirut, 25 Oktoba 2018

Baba,

Nimeipata barua yako. Karatasi tatu kwa maneno ambayo yangeenea kwenye kiganja! Umeniandikia kwa herufi kubwa kama mtoto anayeanza chuo cha Kurani, na mistari yako inapanda kama mbuzi wa mlima Zaghouan. Wewe, uliyenifutisha ukurasa mzima kwa sababu mstari mmoja uliinuka unene wa unywele! Umeiandika ukiwa umesimama mlangoni, viatu viko mguuni?

Najua huipendi kazi yangu. Sema tu. Siku nilipoondoka ulisema kalamu isiyochovywa kwenye wino haimjui mwenyewe, nami sikukujibu, nilichelewa uwanja wa ndege. Leo nakujibu. Vichwa vyote nimeviandika kwa kalamu ya tete uliyonichongea, kwa wino, kwenye karatasi, nikiwa nimekaa sakafuni kama ulivyonifunza. Baadaye ndipo vinaingia kwenye kompyuta.

Kwanza nilizidisha. Nilitia maua kwenye vichwa, nikatia kwenye kurasa, nikatia mikia mpaka kwenye nambari. Ustadh Nadim akatazama, akavua miwani. "Wewe Mtunisi, unataka msomaji asome au aozeshwe herufi?" Nikamwambia ni hadithi za mama yangu, zinastahili kupambwa. Akasema, "Mama yako alipohadithia, alivaa dhahabu zote alizonazo?" Mama alikuwa na gauni lake la nyumbani na sahani ya mbegu za maboga, basi. Nimefuta karibu yote. Pambo limebaki kwenye vichwa vya sura na kwenye ukurasa mmoja wa mwanzo.

Nakutumia karatasi zenyewe humu ndani. Vipime vichwa vyangu. Weka nukta nyekundu mia ukitaka, sitanuna. Na kama vinafaa, niruhusu niweke jina. Kitabu kinatoka wiki ya Maulidi.

Sihem


Kairouan, 12 Novemba 2018

Mwanangu,

Karatasi zako zimefika. Nimeziweka.

Ijaza siwezi kutoa mwaka huu. Usiniulize sababu.

Mungu akubariki katika kitabu chako.

Tayeb


Beirut, 2 Desemba 2018

Shangazi yangu Mbarka,

Nakuandikia wewe kwa sababu yule mwingine amenifungia mlango. Nimefanya nini? Hata adui hukosolewa, mimi sikosolewi. Karatasi zangu hakuzirudisha. Kwenye simu siku ya Ijumaa ananiuliza hali ya hewa kana kwamba mimi ni mtangazaji. Kama ameona kazi mbovu, si aseme? Nimelia ofisini, Shangazi, mbele ya watu, nikasingizia kitunguu, na ofisini hatupiki.

Kitabu kimetoka bila jina langu. Watu wanakisifu. Nimempa binti wa jirani yenu Lamine, yule anayesomea uuguzi hapa, tableti mpya yenye kitabu ndani, amletee Baba anapokuja likizo. Atamwonyesha jinsi ya kuitumia. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna kitu chake. Nakuomba usimwambie, akione mwenyewe. Halafu nieleze uso wake ulivyokuwa.

Mpwa wako,
Sihem


Kairouan, 29 Desemba 2018

Sihem mwanangu,

Naandikia jikoni, unga umejaa mkononi, ukiona mafuta kwenye karatasi usitafute mwingine wa kulaumu. Baba yako yuko msikitini. Nina muda mpaka atakaporudi, na nina jambo ambalo aliniapisha nisikwambie, kwa hiyo nitafunga siku tatu na Mungu atanisamehe.

Baba yako haoni.

Haya, limetoka. Usikimbilie kulia kwanza, soma mpaka mwisho. Si giza totoro. Pembeni anaona, katikati pamefutika. Akinitazama anaona hereni zangu lakini uso hauoni, nami nimemwambia ni bahati yake. Ilianza kabla ya kiangazi. Daktari wa Sousse amesema kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kitadumu. Anatembea, anakula, anagombana na muuza samaki kama kawaida. Kusoma ndiko kumemshinda. Na kuona herufi, Sihem. Herufi.

Zile barua zake fupi anaziandika kwa mazoea ya mkono. Ndiyo maana ni kubwa hivyo, na mstari ukipanda yeye hajui. Barua zako namsomea mimi. Ile ya mbuzi wa Zaghouan nilikuwa nimeshaanza kuisoma kwa sauti kabla sijajua inakokwenda. Akacheka. Kisha akaenda chumbani kwake, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Karatasi zako za vichwa anazo chini ya mto. Alizishika siku nzima, akazipeleka dirishani, akazigeuza kwa pembeni, kisha akaniambia, "Mbarka, nitampimaje?" Nikampa chai.

Sasa hilo la tableti. Binti wa Lamine alikuja, akamfundisha kuyakuza maneno mpaka yakawa makubwa kama tende, akamwashia na sauti ya yule bibi anayesoma ndani ya mashine. Akasoma hadithi ya kwanza ya marehemu kwa macho yake mwenyewe, neno moja moja. Sijamwona vile tangu tulipomzika mama yako Beya. Alikuwa ananiita toka barazani: "Mbarka! Hapa ndipo alipokuwa anaigiza sauti ya fisi!"

Lakini vichwa vyako, mwanangu, havikui. Maneno mengine yote yanakua, hivyo vinabaki vidogo, na ukivivuta vinakuwa ukungu. Na yule bibi wa mashine akifika hapo anasema "picha", anapita. Sura nyingine, "picha". Baba yako akauliza, "Hii sura inaitwaje?" Nikawa namwambia mimi, siku ninapokuwapo. Nisipokuwapo anasoma hadithi zisizo na jina.

Na ule ukurasa wa kwanza. Nilikaa kimya kama ulivyoniagiza, nikasubiri niangalie uso wake. Mashine ikasema "picha". Akageuza ukurasa. Sihem, kitabu kizima amekimaliza na hajui kwamba umemtunukia yeye. Bado sijamwambia. Nimeona si langu la kusema.

Hana hasira nawe. Anaogopa tu. Nasikia mlango, naacha hapa.

Shangazi yako,
Mbarka


Beirut, 17 Januari 2019

Baba yangu,

Shangazi anayesoma hii kwa sauti: soma yote, usiruke panapoliza. Na usimgombeze, Baba. Mimi ndiye niliyemkalia kooni.

Nimejua.

Nisamehe yule mbuzi. Nimezitandaza barua zako mezani, mistari ile nimeitazama tena, na leo naiona ilivyo. Uliiandika bila kuiona, na kila herufi imekaa kwenye kipimo chake. Mimi mwenye macho mawili siwezi.

Nikueleze kosa langu la kitabu, kwa sababu ni la kazi na wewe hupenda makosa ya kazi. Vichwa vile niliviingiza kama picha. Ndiyo njia nyepesi, na hupotezi hata unyoya wa wino. Kwenye kioo kikubwa cha ofisini vilipendeza, tukakizunguka tukashangilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza asiyeona vizuri atafanyaje. Kwa mashine, picha si neno, ni kitu cha kupita. Nimeutengeneza mlango mzuri na nyumba nikaifunga, na aliyebaki nje ni wewe.

Nimemwendea Ustadh Nadim, nikamwambia nataka kukirudia. Akasema, "Kitabu kimetoka, watu wamekipenda, unatafuta nini tena?" Nikasema nataka baba yangu asome kichwa cha sura. Akapangusa miwani. "Mama yangu huvaa miwani miwili kwa pamoja," akasema. "Haya. Lakini usiku na Jumapili, si saa za kazi."

Nitafanya hivi. Nitachora kila herufi peke yake na kuipa mashine, iwe fonti kamili, herufi ya kweli inayokua ukiikuza na kusomeka kwa sauti. Kila moja inataka maumbo yake: ikiwa peke yake, ikianza neno, ikiwa katikati, ikimaliza. Na lazima zishikane mikono bila kuonekana mshono. Ni kazi ya miezi. Lakini kama unaniambia nije, nitaiacha leo na nitafunga mzigo. Sema neno moja.

Ijaza sikuombi tena. Ningejua, nisingekuomba.

Nakupenda, Baba. Kwenye simu huwa tunazungumza mvua, ndiyo maana naliandika.

Sihem


Kairouan, 5 Februari 2019

Mwanangu Sihem,

Mkono huu ni wa shangazi yako, maneno ni yangu. Makosa ya herufi ni yake. (Ni uongo. Mbarka.)

Usije. Niliificha habari hii kwa ajili ya hilo. Nilijua utaacha kazi uje kunishika mkono kuvuka barabara, na barabara za hapa nazijua kuliko ninavyomjua dada yangu. Ukirudi kwa sababu hiyo, nitakuwa nimepoteza macho na mwanafunzi kwa pamoja, na mimi sina nguvu ya misiba miwili.

Nami pia nina la kukiri, la ile barua yangu ya Oktoba. Niliposema kitabu cha kioo si kazi yangu, nilidanganya. Niliona aibu. Mji huu wote umefungua kadi za arusi kwa mkono wangu, na sasa natafuta wino kwa kidole. (Hapa ameomba chai. Nimempa. Mbarka.)

Sasa sikia. Hilo la kusema huombi ijaza, lifute. Sikukunyima kwa sababu hufai. Nilikunyima kwa sababu siwezi kuthibitisha nisichokiona. Ningekupa kwa huruma, ungeivaa maisha yako yote kama pete ya shaba, na kila ukiitazama ungejua. Mimi mwalimu wangu alinikatalia mara mbili na mara ya tatu akanipa, na nilipotoka kwake nilitembea katikati ya barabara mikokoteni ikinipisha. Nataka nawe utembee hivyo. Sijui nitafanyaje. Lakini endelea kuomba.

Kuna jambo linanisumbua. Mbarka anasema ukurasa wa kwanza una kitu, na amekataa katakata kuniambia. Nimemtishia, nimembembeleza, nimemsifia makrudhi zake. Amekuwa jiwe. (Ndiyo. Mbarka.)

Kamilisha herufi zako. Chora usiku ukiwa umeshiba, mkono wenye njaa hutetemeka.

Nami nakupenda. Shangazi yako ananitazama kwa jicho la ajabu, lakini liandike, Mbarka, andika kama nilivyosema.

Baba yako,
Tayeb


Beirut, 21 Aprili 2019

Baba,

Imekwisha. Herufi zimekubali kushikana. Ile wau ilinisumbua mpaka nikaiota, nikaivunja na kuianza upya, na nuni sijui kama nimeiridhisha. Kila nilipokwama niliweka mbele yangu barua zako zenye mistari inayopanda.

Kitabu kipya kitashuka chenyewe kwenye tableti yako, na binti wa Lamine alishakuonyesha pa kubonyeza. Nimepima mwenyewe: kila kichwa kinakua. Endelea kukivuta kwa vidole viwili mpaka herufi moja ijae kioo kizima, ukubwa wa sahani ya kuskusi, na ukingo wake unabaki mkali kama umetoka kwenye kalamu sasa hivi. Yule bibi wa mashine naye hasemi tena "picha". Anasoma.

Lakini ukurasa wa kwanza mnyamazishe. Usome mwenyewe, taratibu. Shangazi, mwache peke yake.

Mwishoni mwa kitabu nimeacha mstari mtupu. Ustadh Nadim anauliza kila asubuhi utajazwa lini. Namwambia namsubiri mwalimu wangu.

Kwenye Idi nakuja, si kukushika mkono, ni kula.

Sihem


Kairouan, 8 Mei 2019

Mwanangu Sihem,

Leo ni mkono wangu. Karatasi ni nyingi na mistari itapanda. Mwache mbuzi apande.

Nimemtoa Mbarka nyumbani, nimemtuma sokoni kwa kitu kisichokuwapo. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikakuza mpaka ikabaki herufi moja. Nikageuza kichwa, kwa sababu siku hizi natazama kwa pembeni kama kuku, na herufi ikaja. Nikasogeza, ikaja ya pili. Ni Ramadhani, nami nimefunga, lakini sikusikia njaa wala kiu. Sikuwahi kusoma polepole hivi hata nilipokuwa mtoto wa chuo. Nilipofika kwenye jina ndipo nilipoamini ni langu. Nikarudi mwanzo, nikasoma tena kwa mkupuo:

"Kwa baba yangu Tayeb, aliyenishika mkono nikaandika."

Nimelia, Sihem. Mbarka aliporudi akidai nimemtuma upuuzi alinikuta nalia, akakaa akalia na yeye, na chakula cha kufuturu kikaungua.

Siku iliyofuata nilianza kazi. Nimezipitia herufi zako zote, moja baada ya moja, kubwa kiasi ambacho sikupata kuziona zangu nilipokuwa na macho. Nimezipima kwa kidole juu ya kioo. Alifu imesimama. Wau inapendeza, ina shingo ya mama yako. Ha nimeitafutia kosa kwa ukaidi, sikulipata.

Nuni yako haijakaa sawa. Bakuli lake limekuwa jembamba, limepungukiwa upana wa nukta moja upande wa kushoto. Uliharakisha. Irekebishe kwanza, kisha ujaze ule mstari: "Ameandika Sihem binti Tayeb," na sema ni kwa idhini yangu. Hii ndiyo ijaza yako. Tembea katikati ya barabara.

Humu ndani nakurudishia karatasi yako moja, ile yenye nuni, iliyokuwa chini ya mto wangu. Nimefungua ule wino mwekundu, nikaweka nukta kwa mkono wangu. Sikuweza kuona ilipoangukia. Kama haiko mahali pake, isogeze wewe. Unapajua.

Baba yako,
Tayeb